Nyumba Iliyopimwa Matangani

Saa sita ya mchana, mji mzima wa Unguja ukitokota kama chungu kilichosahauliwa jikoni, Bi Salme alikuwa amejifunika blanketi.

Alikaa juu ya mkeka, mgongo kaupa mlango. Chini ya kanga zake za eda alikuwa amevaa sweta la marehemu mumewe, lile la kijivu alilolinunua alipokwenda Lushoto miaka ile, akarudi nalo na kujicheka mwenyewe, kwamba mtu wa pwani atalivalia wapi. Ukuta mbele yake ulitoka jasho jembamba la baridi. Ukiuwekea kiganja ulisikia kitu kinapita ndani yake, polepole, hakina haraka, kama damu ya mtu aliyelala.

Ilikuwa siku yake ya sitini na nane. Kizuka, mjane aliye edani, hukaa siku mia moja na thelathini, na Salme alizihesabu kwa kokwa za tende, moja kila alfajiri, katika kibakuli cha bati. Katika siku zote hizo hakuwahi kukanyaga nje ya mlango wake wa ghorofa ya nne. Dirisha nalo lilikuwa limezibwa tangu jengo livishwe ngozi, ile lipu hai ya kupoza kuta. Mwanga ulipenya, upepo haukupenya.

"Hodi! Hodi humu kwenye barafu!"

Alikuwa Mize, mke wa Ussi, jirani yake wa juu, ghorofa ya tano. Hakungoja kujibiwa. Aliingia, akavua mtandio, akaenda moja kwa moja kuubandika ukutani uso wake ulioiva kwa joto, shavu hili, kisha lile.

"Salme mwenzangu, wewe huku ukinunua samaki huna haja ya friji. Mtundike msumarini tu."

"Karibu. Ussi kaamkaje?"

"Kaamka, kanitukana. Nikasema alhamdulillahi, yu mzima."

Salme alicheka kidogo, halafu akangoja, kwa sababu alimjua Mize tangu wote wawili wakiwa wari. Mize akianza na mzaha, basi jambo lenyewe linafuata nyuma limeinamisha kichwa.

"Leo kajichafua," Mize akasema, bado kaelekea ukutani. "Pale pale ngazini ninapomlaza mchana apate ubaridi. Vijana walikuwa wamekaa wanacheza bao, wakainuka wote wakajifanya wana shughuli. Wawili kati yao kawasomesha hesabu, Salme. Walikuwa wakimsikia anakohoa tu wanaficha mikono. Leo wanamruka kama gogo."

"Umrudishe nyumbani basi."

"Kupi? Kule juu?" Mize aligeuka. "Jana nimefungua kabati, mshumaa umelala wenyewe. Umejikunja kama mtu anayesujudu. Usiku nikimlaza kitandani namwona mdomo unafunguka na kufungika. Daktari kasema kiharusi na joto la namna ile havikai pamoja. Kasema mtoe. Nimtoe nimpeleke wapi, na nje ya jengo hili mji wote ni tanuri?"

Salme alilivua blanketi begani, akalikunja, akalifunua tena. Kila Mize alipokuja alihisi haya ya kuwa na baridi.

Ajabu ya jengo lile ni kwamba kabla ya ngozi wote walikuwa sawa katika shida. Jengo la Nane lilikuwa kuukuu, zege tupu lililonyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku kucha. Umeme haukukaa, na ulipokaa haukutosha feni moja. Watu walipikia makaa ukumbini, moshi ukawala macho, na mwaka wa joto kubwa walitoka bibi mmoja na watoto wawili wa ghorofa ya juu kabisa, majeneza matatu katika wiki moja. Ndipo Vuai, mume wa Salme, alipoanza kuandika barua. Miaka minne aliandika. Aligonga milango ya maofisi mpaka walinzi wakamjua kwa jina, na mwisho jengo likawekwa kwenye orodha ya kuvishwa ngozi.

Akafa siku ile ile mafundi walipokuja kufungua pampu.

* * *

Fundi Kabula alikuja baada ya adhuhuri siku iliyofuata. Alikuwa binti wa bara, mrefu, viatu vyake siku zote vimekaukiwa chokaa. Kwa kuwa ni mwanamke, aliweza kuingia kwa kizuka. Alivua viatu mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kupima tena?"

"Nimemaliza kupima, mama. Nimekuja kusema." Aliweka kipimo chake juu ya mkeka, kidude bapa kama kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na kwenye kioo chake kukatokea Jengo la Nane lote limechorwa kwa mistari ya buluu na myekundu. "Nimeliona kosa. Wiki tatu nimelitafuta kwenye mabomba, kwenye pampu, kwenye paa. Halipo huko."

"Liko wapi?"

Kabula alinyoosha kidole. Nyumba ya Salme kwenye kile kioo ilikuwa buluu iliyokolea, mishipa imesongamana kama mizizi ya mgomba. Ngazi nazo zilikuwa buluu, kutoka chini mpaka juu. Na juu ya nyumba ya Salme palikuwa na nyumba moja nyekundu, nyekundu kama kaa linalopulizwa.

"Ngozi ni chokaa na ukungu, kama ule wa mkate, uliofundishwa kazi," Kabula alisema. Aliongea taratibu, kama mtu anayeirudia habari aliyokwisha kujisimulia mara nyingi. "Tukishaipaka, tunainywesha maji siku saba. Siku hizo saba ndizo za kukua. Inatafuta pumzi za watu. Palipo na watu inaota mishipa, iwatoe joto. Pasipo na watu inapafanya ghala la joto lile, na kutoka ghalani linapanda paani kuwa umeme. Taa zenu, majiko yenu, yote ni joto lenu wenyewe linalozungushwa. Siku ya nane inakauka. Ilichojifunza ndicho hicho, hakibadiliki kwa maneno."

"Na ghala lilitakiwa liwe wapi?"

"Ngazini, mama. Nani anaishi ngazini? Kila jengo nililowahi kuvisha, ghala ni ngazi. Watu wanapita mbio, wanatoka jasho kidogo, basi."

Salme alikuwa ameanza kuelewa. Alitamani asielewe.

"Siku zile saba," Kabula akaendelea, "mvua ya vuli haikukatika. Turubai halikuweza kusimama chini. Wanaume wa matanga walikaa ngazini, usiku na mchana, wanasoma, wanakunywa kahawa. Na watu wenu wa Pemba walichelewa kwa bahari, kwa hiyo matanga yakaenda mpaka hitima ya siku ya saba. Humu ndani mlikuwa mnalala wanawake ishirini na tatu. Nimehesabu kwenye kumbukumbu. Ishirini na tatu, mama. Ngozi imeijua nyumba hii kuwa ni ya watu ishirini na tatu."

"Na juu?"

"Juu mzee, kiharusi hakijampata bado, alikuwa safarini Pemba. Na Mama Mize alifunga mlango wake siku ya kwanza akaja kukaa kwako, hakupanda hata kuchukua nguo. Katika jengo zima ni nyumba moja tu iliyokosa pumzi siku saba."

Ukuta uliendelea kupitisha damu yake ya baridi.

"Alinikorogea uji," Salme alisema. "Siku saba. Alikuwa akininywesha kwa kijiko kama kitoto."

"Najua. Nilikuwepo, nilikuja kukupa pole." Kabula aliinamisha kichwa. "Nilikuja kuuliza tuahirishe. Nilichutama hapa hapa. Mama Mize akasema marehemu aliihangaikia siku hii miaka minne, msimnyang'anye. Nawe ukaitikia."

Salme alikumbuka viatu. Hakuikumbuka sauti wala swali, alikumbuka viatu vilivyolowa vya mtu fulani, na kichwa chake mwenyewe kikienda chini na juu kama kilivyoitikia kila kitu siku ile. Sanda ya dukani au ya nyumbani? Ndiyo. Azikwe leo? Ndiyo.

"Kosa ni langu," Kabula alisema. "Kanuni inataka watu wakae kama wakaavyo siku zote. Nilipaswa kusimamisha kazi. Lakini ningekuja vipi matangani kuwaambia watu wapungue? Kwetu haisemeki hiyo."

"Hata kwetu haisemeki." Salme alivuta pumzi. "Sasa sema dawa."

Zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuimwagia ngozi yote maji ya chumvi. Ingekufa mchana mmoja. Nyumba thelathini na mbili zingerudi kwenye giza na makaa, na zamu ya ngozi mpya ingekuja mwakani, au mwaka wa pili yake, na msimu wa joto kubwa ulikuwa umebakiza wiki tano uanze.

Ya pili, Kabula aliisema akiangalia kidude chake.

"Ngozi ikikuta nyumba haina pumzi yoyote kwa siku saba mfululizo, mlango umezibwa, inageuza mishipa. Inaanza kuleta joto pale. Lakini mishipa myembamba ikigeuzwa inapasuka. Mipana ya kubeba joto la jengo zima iko nyumba moja tu."

"Hii."

"Hii, mama. Ikifungwa siku saba, ghala linashuka kutoka kwa Mama Mize linakuja humu. Siku ya nane kule kwake panakuwa baridi kama kwa wengine."

"Na humu?"

"Humu hamkaliki tena. Si mwaka huu wala mwingine. Vitu vya plastiki vitayeyuka. Picha zitajikunja."

Salme alitazama mlango wa chumbani. Ulikuwa wazi nusu, na kitanda kilionekana mguu mmoja na pembe ya shuka. Vuai alifia pale, upande wa ukutani, mkono wake umeshika kiwiko cha mkewe.

"Mimi ni kizuka, mwanangu. Kizuka hatoki."

"Najua, mama."

"Nimebakiza siku sitini na mbili."

Walisikia kule ngazini mtu akikohoa kikohozi kirefu kisicho na nguvu ya kujimaliza, na wote wawili wakajua ni nani.

"Usimwambie Mize," Salme akasema.

* * *

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Jioni ile alimwambia Mize, "Mlete Ussi humu. Akae sebuleni, mimi nitajifungia chumbani mpaka eda iishe. Tutaweka pazia. Chakula utanipitishia."

Mize alimkodolea macho kama aliyeambiwa jua lizimwe. Kisha akashuka ngazini kupeleka maneno, na Salme akabaki nyuma ya mlango, sikio mbaoni. Alisikia mnong'ono, kimya, halafu sauti ya Ussi, nzito, ya upande mmoja wa mdomo, ikisukuma kila neno kama mkokoteni mchangani. Hakuyapata maneno. Mize alirudi akakaa chini kwa kishindo.

"Kakataa."

"Kasemaje?"

"Kasema hivi." Mize alikunja mdomo upande, akamwiga mumewe, na machozi yakimtoka wakati huo huo. "'Vuai sikuwahi kumzika. Bahari ilichafuka, nimefika kaburi limeshakauka. Sasa nikalale sebuleni kwake, mkewe yumo edani? Nikifa humo nikikutana naye nitamwambia nini? Nilikosa jeneza lako nikaja kulala kwenye kochi lako?' Ndivyo alivyosema. Nikamwambia Ussi, wewe huna haya ya kujinyea mbele ya watu una haya ya maiti? Akaniambia, 'Maiti hawezi kugeuza uso, Mize. Walio hai wanaweza.'"

Salme alimsogezea kikombe cha maji.

"Mkaidi huyu," Mize akasema mwisho. "Nimeolewa na jiwe."

"Wewe je? Ukiambiwa chagua?"

"Nichague nini? Mimi nilishachagua siku ile nilipofunga mlango wangu nikaja hapa. Ningejua lingekuwa hivi..." Alisita, akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Ningekuja. Lakini ningeacha kuku ndani, wapumuepumue."

Wakacheka, wakacheka mpaka Salme akashika mbavu, mara ya kwanza tangu kifo. Kumbe Mize alikuwa akijua. Salme aligundua hilo baadaye, akiwa peke yake. Mize alijua sababu ya joto lake, labda kabla ya fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyefunga mlango. Na alikuwa akija kila siku kuubandika uso ukutani na kufanya mzaha wa samaki, hakusema neno.

Usiku hakulala. Baridi ilimwingia mifupani. Alikuwa akidhani baridi ile ni msiba wenyewe, kwamba ndivyo nyumba inavyokuwa mwenyewe akiondoka, na kwa namna fulani ilimridhisha. Sasa alijua inatoka wapi. Kila alipojikunyata alihesabu: hii ni pumzi ya Ussi. Hii tena. Alitaka kutoka nje apate hewa na hakukuwa na nje. Alitaka kufungua dirisha na hakukuwa na dirisha. Alijaribu kujibanza katikati ya chumba, mbali na kuta zote, na baridi ikamfuata pale, na mapenzi ya watu ishirini na tatu waliokwisha kwenda makwao yakamkumbatia mpaka asubuhi.

* * *

Maalim Khatibu, mdogo wake Vuai, alikuja Ijumaa baada ya sala. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa sauti ya taratibu na kanzu isiyo na kunyanzi. Kama ada, hakuingia. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, na Salme akakaa ndani, mlango umerudishwa, pazia limeshuka.

"Shemeji, hujambo huko?"

"Sijambo, Maalim. Nina suala."

"Lete."

"Kizuka huhamishwa lini?"

"Kwa dharura. Nyumba ikitaka kuanguka. Moto. Adui akimwandama. Dhara likimfika yeye."

"Na likimfika jirani?"

"Jirani ndiye ahame."

"Na kama hana pa kuhamia?"

"Shemeji." Kigoda kililia. "Kabula kapita msikitini kuniuliza maswali haya haya, kwa kuzunguka. Mimi si mtoto. Nyumba yako haina dhara. Nyumba yako ni pepo ya dunia, watu wanaionea gere. Wewe kaa eda yako uimalize, halafu lizungumzwe."

"Ussi hana siku sitini."

"Siku za mtu anazijua Mola."

"Kweli. Lakini baridi ninayoikalia naijua mimi." Salme aliona sauti yake inataka kupanda, akaishusha. "Maji yanayopita ukutani kwangu yanatoka kwangu na joto yanakwenda kulimwaga kwa Mize. Kila saa, Maalim. Nikisali, nikilala, nikila. Niambie wewe uliyesoma. Mimi nakaa eda, au nimekaa juu ya kifua cha mtu?"

Maalim Khatibu aliposema tena, haikuwa tena sauti ya mwalimu.

"Kaka yangu kafia kwenye kitanda hicho. Unataka kukitia moto?"

"Nataka kukiacha. Moto utajiingia wenyewe."

"Watu watasema hata miezi mitatu hakumngoja."

"Watasema."

"Watasema nilikuwepo nikanyamaza."

"Hilo nalo watasema."

"Mimi sikupi ruhusa, shemeji. Nikikupa nitakuwa nimesema uongo juu ya dini. Dharura si yako."

"Sikuomba ruhusa," Salme alisema. "Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia barazani."

Alisikia kanzu ikisuguana, akasikia hatua. Hakuaga.

* * *

Kabula alisema iwe saa saba mchana, wakati mishipa iko wazi kabisa. Bi Pili wa chini kabisa, kikongwe asiyeona aliyekaa peke yake, alikuwa amekubali kumpokea. "Mwambie aje," alikuwa amesema. "Mimi sitaona kama katoka."

Salme alichukua Msahafu, mswala, kanga mbili na kibakuli cha kokwa. Sweta alilivua. Alisimama nalo mkononi, akalinusa, na lilikuwa limeshaanza kunuka yeye mwenyewe kuliko lilivyonuka Vuai, akalitandika upande wa ukutani wa kitanda, mikono yake imenyooshwa. Alitaka kusema kitu. Kwa wafu watu husema samahani, husema utangulie salama, husema tutaonana. Yeye alisema, "Umeme unawaka, Vuai. Nyumba zote." Akatoka, akajua kwamba eda ile imevunjika hapo hapo kizingitini, na kwamba hata akizihesabu siku zilizobaki kwa kokwa elfu, hakuna mwanachuoni atakayemwambia zimetimia.

Kabula alikuwa ameshika ndoo ya gundi nje ya mlango, ameinamia, hamtazami. Alianza kuziba upenyo chini ya mlango hata kabla Salme hajafika ngazi ya kwanza.

Ngazi zilikuwa zimejaa. Saa ile ya joto wanaume wa mtaa mzima walijazana mle, wazee kwa vijana, wengine wamelala, wengine na bao na kahawa, kutoka juu mpaka chini ambako alipaswa kwenda. Hakuwa ameonwa na mwanamume yeyote kwa siku sabini. Alishika ukuta, ukuta ukawa baridi.

Wa kwanza kuinua kichwa alikuwa kijana mwenye kahawa, na kinywa chake kikabaki wazi. Mnong'ono ukashuka ngazi kwa ngazi: kizuka, kizuka katoka.

Kisha kutoka kitako cha ghorofa ya tatu, pale bapa ngazi zinapopindia, ikaja sauti anayoijua, kavu, ya mtu aliyezoea kutuliza darasa.

"Waume! Geukeni ukutani!"

Alikuwa Maalim Khatibu. Alikuwa amesimama katikati ya watu, kanzu yake nyeupe, uso wake umefura kama mtu aliyemeza kitu kichungu. Na yeye mwenyewe akawa wa kwanza, akamgeuzia Salme mgongo, paji la uso akaligusisha ukutani.

Wakageuka. Mmoja mmoja, halafu wote, mabega na visogo, kofia na vichwa vitupu, kila mtu na kipande chake cha ukuta, wameacha katikati njia nyembamba ya kupita mwanamke mmoja. Hapakuwa na sauti ila ya kanga zake.

Alishuka. Kwenye kitako kati ya ghorofa ya nne na ya tatu ndipo lilipokuwa godoro, na Mize amechutama pembeni na upepeo mkononi.

"Salme! Unakwenda wapi na eda yako?"

"Nashuka."

"Nani kakutoa?"

"Nimetoka."

"Rudi! Rudi, wallahi sitaingia mle ndani kwangu, sitaingia mpaka nife, si kwa hivi." Mize alitaka kuinuka akamshike, lakini ilibidi aachie mkono wa mumewe, na mkono ule wa mumewe ulikuwa umemkaza.

Ussi alikuwa akijaribu kugeuka. Kila mwanamume ngazini alikuwa amegeuka, na yeye pia alitaka. Alisukuma kwa bega lile lililo hai, godoro likasogea, mwili ukakataa. Akajaribu tena. Shingo ilikaza mishipa. Alipoona haiwezekani alifumba macho, na jicho la kulia likafumba, la kushoto likabaki wazi, kwa sababu lilikuwa halifumbi vizuri tangu alipopatwa na kiharusi. Lilibaki limemwelekea Salme, jekundu, limejaa maji, halina pa kwenda.

Salme alisimama. Godoro lilikuwa limeziba kitako chote, ilimlazimu apite ubavuni kwake.

Mize alimtazama mumewe, akamtazama mwenzake. Kisha akauweka chini upepeo, akaunyoosha mkono, akalifunika lile jicho kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, na akaukaza pale pale mpaka hatua za Salme zilipofika chini.